Aliyekushikia Kumbukumbu

Mwenyekiti, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliokuja na miswada yenu ya kwanza, nawasalimu na nawashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie filamu za taharuki ya kisaikolojia, hasa zile zinazohusu kumbukumbu, utambulisho na familia. Nitafichua miisho ya filamu kadhaa. Anayetaka kuzitazama akiwa hajui kitu anisamehe, kwa sababu filamu za aina hii husukwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na siwezi kuzieleza huku nauficha mwisho.

Nianze na swali. Umejuaje kwamba hao unaowaita wazazi ndio waliokuzaa? Umejuaje kwamba ulipokuwa mchanga uliugua ukakaribia kufa, au kwamba hukulala mpaka ubebwe na bibi? Wengi wetu hatukumbuki lolote lililotupata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi, na yaliyofuata tunayakumbuka vipande vipande. Sehemu ile yote ya maisha tumesimuliwa. Tuliisikia kwa mama, kwa shangazi, kwa kaka mkubwa. Tuliiona katika picha ambazo wengine walizipiga, na wengine wakachagua zipi zitunzwe na zipi zitupwe. Kwa hiyo kila mmoja wetu, hata mwenye akili timamu kabisa, ana sehemu ya nafsi yake ambayo ameshikiwa na watu wengine. Kwa kawaida wanaotushikia ni watu wanaotupenda, nasi hatuoni sababu ya kukagua walichotupa.

Filamu hizi zinaanzia hapo. Watu huzielezea kama filamu za mtu aliyesahau, lakini kusahau peke yake hakutishi sana. Kinachotisha ni kwamba mtu akishasahau, au akishaaminishwa kuwa amesahau, analazimika kumwuliza mwingine: mimi ni nani, na ni kipi kilichotokea? Na huyo mwingine, mara nyingi, analala naye chumba kimoja au anamwita mwanangu.

Tuichukue Gaslight, ile ya mwaka 1944 iliyoongozwa na George Cukor kutokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938. Paula, anayechezwa na Ingrid Bergman, alilelewa na dada wa mama yake, mwimbaji mashuhuri aliyeuawa ndani ya nyumba yao jijini London. Miaka inapita, anaolewa na mwanamume mpole aitwaye Gregory, na Gregory anamshawishi warudi kuishi katika nyumba ileile. Muuaji ni huyo Gregory. Anavitafuta vito vya marehemu vilivyofichwa darini, na ili atafute bila kuulizwa, anahitaji mke ambaye hata nafsi yake mwenyewe haiamini.

Nataka mwangalie anavyoanza. Anaanza na pini ya urembo. Anampa mkewe zawadi, anaiweka mwenyewe ndani ya mkoba wake huku akimwonya kwa upole kwamba huwa anapoteza vitu, kisha anaichukua kwa siri. Baadaye picha inatoweka ukutani. Baadaye saa yake inakutwa mkobani mwa mke, mbele za watu. Kila tukio ni dogo kiasi kwamba mtu angeona aibu kulishitaki. Mwandishi asiyejua kazi angeanza na maiti. Hamilton na wale waliofuata nyayo zake walijua kuwa mtu hawezi kukushawishi kwa siku moja kwamba hukuona mauaji, ila anaweza kukushawishi kwamba hukumbuki ulipoweka pini. Akifaulu hapo, njia iliyobaki ni ya kuteremka.

Halafu anafika kwenye familia. Anamwambia Paula kwamba mama yake alikuwa mwendawazimu, na kwamba alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili Paula akiwa na mwaka mmoja. Paula hawezi kukanusha. Nani anakumbuka alipokuwa na mwaka mmoja? Aliyemlea ameshauawa, na pamoja naye imekufa kumbukumbu pekee ambayo ingeweza kumtetea. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha filamu, zaidi ya zile taa za gesi zinazofifia chumbani kwa Paula kila Gregory anapowasha nyingine darini. Gregory ameingia mahali palipokuwa pa ndugu, akaanza kumsimulia mkewe utoto wake upya.

Anayemwokoa Paula ni mpelelezi anayeingia ndani, anatazama juu na kukiri kwamba naye ameona taa inafifia. Shahidi mmoja tu anatosha, na ninyi mnaoandika mlikumbuke hilo. Mhusika wenu hahitaji jeshi wala mwanasheria. Anahitaji mtu mmoja wa nje ya familia aliyeona alichokiona yeye. Ndiyo maana mume wa aina hii hukataza wageni kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya jukwaani tu. Watafiti wameyaonyesha kwa namba. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu vipande vya filamu vyenye ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Swali lilikuwa moja, kitenzi tu ndicho kilichobadilishwa: wengine waliulizwa yalipogongana, wengine yalipopondana, na waliosikia neno zito walikadiria kasi kubwa zaidi. Katika jaribio la pili waliulizwa, baada ya wiki moja, kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Miongoni mwa watu 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema waliviona. Miongoni mwa 50 walioulizwa kwa neno jepesi, 7. Kitenzi kimoja kiliingia kwenye kumbukumbu kikavunja vioo.

Utafiti ninaourudia zaidi ni wa mwaka 1995, ambao Loftus alishirikiana na Jacqueline Pickrell. Washiriki walikuwa 24. Kila mmoja alipewa kijitabu chenye visa vinne vya utotoni mwake. Vitatu vilikuwa vya kweli, vilivyotolewa na ndugu yake. Cha nne, cha kupotea dukani akiwa na miaka kama mitano na kuokolewa na mtu mzima asiyemjua, kilikuwa cha kutungwa. Takribani robo yao walikikumbuka, kikamilifu au kwa kiasi, na baadhi waliongeza mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Sikilizeni namna uongo ulivyopita. Haukupita kwa sababu watu wale walikuwa wajinga. Ulipita kwa sababu uliletwa kwa jina la ndugu. Walikuwa wameambiwa visa vyote vinne vimetoka kwa mtu wa familia, na mtu wa familia, kama tulivyosema mwanzo, ndiye tuliyezoea kumwachia atushikie miaka yetu ya utoto.

Mwandishi akiuelewa utafiti huu ataacha kuonyesha kumbukumbu kama filamu iliyofichwa kichwani ikingoja kuchezwa. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett aliliandika hilo mapema, mwaka 1932: tunapokumbuka tunajenga upya, tena tunajenga kwa vifaa tulivyonavyo leo.

Hapa ndipo uhariri unapokuwa kazi ya hatari. Tukimwonyesha mtazamaji mbinu rejeshi, yaani tukio la nyuma lililorudishwa mbele ya macho yake, anaiamini. Mhusika akisema kwa mdomo, mtazamaji anajua anasimuliwa. Kamera ikionyesha, anajua ameona. Mwaka 1950 Alfred Hitchcock alitengeneza Stage Fright, ambayo mapema kabisa inaonyesha tukio kwa mbinu rejeshi, na tukio hilo baadaye linageuka kuwa uongo mtupu. Watazamaji wengi waliona wamelaghaiwa, na Hitchcock mwenyewe baadaye, katika mazungumzo yake na François Truffaut, alikubali kwamba alikosea. Mwaka huohuo, kule Japani, Akira Kurosawa alitoa Rashomon, ambamo tukio moja linasimuliwa mara nne kwa namna zinazopingana, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice. Kwa nini mmoja alaumiwe na mwingine atuzwe? Kurosawa alituweka mahakamani. Tulijua kila picha ina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu ya kuipendelea. Hitchcock alitupa picha bila kutuonya ni ya nani. Basi kanuni yangu ni hii, na anayeipinga tutabishana naye baadaye: picha inaruhusiwa kudanganya pale tu mtazamaji anapoweza, akirudi nyuma, kumtaja aliyedanganya na sababu yake.

Kuna filamu inayoitimiza kanuni hiyo vizuri ajabu. Ni A Tale of Two Sisters ya Kim Jee-woon, kutoka Korea Kusini, mwaka 2003, iliyochipuka kutoka katika ngano ya kale ya Wakorea kuhusu mabinti wawili na mama wa kambo. Su-mi anarudi nyumbani kutoka hospitalini pamoja na mdogo wake, Su-yeon. Nyumba ina baba asiyesema sana na mama wa kambo mkali. Tunajiandaa kuona hadithi tunayoijua: mama wa kambo anatesa, mabinti wanateseka. Baadaye baba anamwambia Su-mi jambo ambalo bila shaka ameshamwambia mara nyingi: Su-yeon amekufa. Hakuna mdogo mtu. Na mama wa kambo tuliyemwona akitembea ndani ya nyumba ile kwa sehemu kubwa ya filamu alikuwa Su-mi mwenyewe, akijigawa ili awe mwenye hatia na wakati huohuo awe wa kumlinda aliyekosewa.

Itazameni tena mkiwa mnalijua hilo, na mkifika kwenye chakula cha jioni, simameni. Kaka wa mama wa kambo amekuja na mkewe. Mama wa kambo anasimulia visa vya utotoni, anacheka, anamgeukia kaka yake amuunge mkono. Kaka anasema hakumbuki. Anasimulia kingine. Kaka anasema hakumbuki. Anamkasirikia: utakosaje kukumbuka? Mara ya kwanza tunaona familia yenye ubaridi. Mara ya pili tunaelewa kwamba mtu yule ameketi mbele ya binti mgonjwa aliyevaa nafasi ya dada yake, anadaiwa kumbukumbu ambazo hazikuwahi kuwepo, na hajui afanye nini na mikono yake. Hakuna tone la damu katika meza ile. Mimi sijaona onyesho lililoeleza vizuri zaidi kuwa ndugu ni watu wanaokumbuka pamoja, na kwamba undugu ukipimwa kwa kumbukumbu za pamoja ukakutwa hazipo, kinachobaki ni wageni wanaokula chakula.

Na baba? Waandishi wa makala huwa wanampita. Mimi namshitaki. Anajua kilichotokea: mama mzazi alijinyonga ndani ya kabati la nguo, binti mdogo akamkuta, kabati likamwangukia. Mwanamke aliyekuja kuwa mama wa kambo aliona na hakusaidia, na Su-mi, akiwa amekasirika, alitoka nje bila kujua. Baba anatoa vidonge, anafunga milango, anapiga simu, ananyamaza. Kunyamaza kwake si ukatili, ni huzuni na uchovu. Lakini katika nyumba ambayo mwenye kumbukumbu hasimulii, mtoto atajisimulia mwenyewe. Mkitaka kuandika familia yenye siri, msihangaike kutafuta mwovu. Tafuteni mtu mwema aliyechoka kueleza.

Suala la utambulisho ni la zamani kuliko sinema. Mwaka 1548, katika kijiji cha Artigat kusini mwa Ufaransa, kijana mmoja aitwaye Martin Guerre alimwacha mkewe Bertrande na mtoto mchanga, akatoweka. Mwaka 1556 akaja mtu akisema yeye ndiye. Alijua majina ya wanakijiji, alijua mambo ya ndani. Dada zake Martin walimpokea, Bertrande alimpokea, wakazaa. Ugomvi ulianza alipomdai baba yake mdogo Pierre hesabu za mali. Hapo ndipo Pierre alipoanza kuona kwamba huyu si mwana wa kaka yake. Kesi ilifika Toulouse mwaka 1560. Mashahidi waligawanyika. Mshona viatu wa kijiji alisema mguu wa aliyerudi ni mdogo kuliko ule aliokuwa akiupima zamani. Mshitakiwa alijibu kila swali, na mahakama ilikuwa karibu kumwachia, mpaka akaingia mtu mwenye mguu wa mti: Martin Guerre wa kweli. Yule mwingine, Arnaud du Tilh, alinyongwa mbele ya nyumba aliyoishi kama mume. Mmoja wa majaji, Jean de Coras, aliandika habari za kesi, na ndiyo maana tunazijua. Daniel Vigne alizitengenezea filamu mwaka 1982, Gérard Depardieu akicheza aliyerudi na Nathalie Baye akicheza Bertrande.

Ninachowaomba mkione hapo ni swali ambalo mahakama haikulijibu, nalo lina uzito kuliko la nani ni nani. Bertrande alijua? Mwanahistoria Natalie Zemon Davis, aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake, aliona kwamba alijua, na kwamba alichagua. Mke aliyeachwa kwa miaka, asiyeweza kuolewa tena kwa sababu mumewe hajathibitika kufa, anapata mtu mwenye upole anayemkumbuka. Familia ilimtambua aliyerudi kwa sababu ilimhitaji, na Pierre aliacha kumtambua gharama ilipopanda. Kutambuana ndani ya familia kuna mahitaji, kuna mali, kuna upweke. Mswada unaotegemea kipimo cha damu pekee kufichua laghai umeruka swali lenye nyama.

Nitaipitia Memento kwa haraka kiasi, maana wengi wenu mmeitazama kuliko nyingine zote nilizozitaja. Christopher Nolan aliitoa mwaka 2000, kutokana na wazo la mdogo wake Jonathan. Leonard, anayemsaka mtu anayeamini alimuua mkewe, hawezi kutunza kumbukumbu mpya. Hali hiyo ipo. Mwaka 1953 Henry Molaison, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kupunguza kifafa chake kikali, akatolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008, mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni kwake. Lakini alijua jina lake, aliwajua wazazi wake, aliukumbuka utoto wake. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota akiangalia kwenye kioo, na siku baada ya siku mkono wake uliboreka ingawa yeye hakukumbuka kuwahi kulifanya.

Leonard anatofautiana na Molaison kwa jambo moja lililo muhimu kwa mada yetu: hana ndugu yeyote wa kumshikia. Mke amekufa. Nafasi iko wazi, na kila anayekutana naye anaomba kuijaza. Natalie, mwanamke anayejifanya kumsaidia, anakusanya kalamu zote za nyumba asiweze kuandika, kabla ya kumchokoza mpaka ampige, anatoka nje, anakaa ndani ya gari akingoja asahau, kisha anarudi na uso uliovimba kumwambia ni mtu mwingine aliyempiga. Teddy, anayejiita rafiki yake, ana hadithi yake. Tunamhurumia Leonard mpaka mwisho, pale zile sehemu za rangi zinazorudi nyuma zinapokutana na zile nyeusi na nyeupe zinazokwenda mbele, nasi tunamwona akichoma picha na kuandika namba za gari la Teddy kama za muuaji, akijua anajidanganya. Mhariri Dody Dorn anastahili nusu ya sifa za filamu ile. Ingepangwa moja kwa moja, tungemhukumu Leonard mapema. Kwa kupangwa kinyume, imetufanya tumwamini kama anavyojiamini mwenyewe, bila lile lililotangulia.

Kabla sijafika kwenye filamu ninayoithamini kuliko zote hizi, kuna mambo nayachukia na nitayasema. Mtu kupigwa kichwani akasahau jina lake, kisha akapigwa tena akalikumbuka: acheni. Walioumia ubongo wakapoteza kumbukumbu kwa kawaida hubaki wakijua majina yao. Kinachowashinda ni kuhifadhi mapya. Mtu kutiwa usingizi wa hipnosi akasema ukweli wote uliofukiwa: hipnosi humwongezea mtu uhakika kuliko inavyomwongezea usahihi, na hilo kwenye kesi ni balaa. Na lile baya zaidi, la muuaji ambaye mwishoni hugundulika kuwa ana nafsi zaidi ya moja. Watu wenye maradhi ya akili hutendewa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoutenda. Sinema imewageuza mzuka wa chumbani kwa miongo mingi, na kuna familia zinazoficha ndugu zao wagonjwa kwa sababu ya picha tulizozitengeneza sisi. Hilo linaniuma. Naona filamu ya Kim Jee-woon inaokoka hukumu hii kwa sababu moja tu: haitumii ugonjwa wa Su-mi kama jibu. Jibu ni kifo cha mtoto na nyumba iliyonyamaza.

Sasa The Father. Florian Zeller aliiandika kwanza kama tamthilia ya Kifaransa mwaka 2012, na mwaka 2020 akaiongoza kama filamu, mswada akiwa ameuandika pamoja na Christopher Hampton. Anthony Hopkins alipata Oscar kwayo akiwa na miaka 83. Ni filamu ya mzee mwenye dimenshia, maradhi yanayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na binti yake Anne. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, kwa hiyo hiki si kisa cha nyumba moja. Na ingawa haina muuaji, haina vito, haina siri ya kufukuliwa, mimi naiweka katika tanzu ya taharuki bila kusita.

Zeller ameichukua sarufi yote ya taharuki akaiweka upande wa mzee. Mwanamume asiyemjua ameketi sebuleni na anasema anaishi hapo. Binti anarudi kutoka dukani, na ni mwanamke mwingine kabisa: kwenye baadhi ya sehemu Anne anachezwa na Olivia Colman, kwingine sura yake inakuwa ya Olivia Williams. Nyumba ni ileile, lakini fanicha imebadilika, picha imeondoka, rangi imekuwa nyingine. Saa ya mkononi haipo, na lazima kuna mtu ameiiba. Binti alisema anahamia Paris; leo anasema hajawahi kusema hivyo. Mtu akitusomea orodha hiyo bila kutaja jina la filamu, tungesema huyu mzee anafanyiwa njama. Tungemtafuta Gregory.

Ndiyo sababu nimeziweka filamu hizi mbili katika hotuba moja. Gregory anamwambia Paula: umesahau. Anne anamwambia baba yake: umesahau. Maneno ni yaleyale. Sauti ya upole ni ileile. Vitu vinavyopotea ni vilevile, pini na saa, picha iliyotoka ukutani. Mmoja ni mwizi na mwingine ni binti anayejinyima usingizi, na kwa yule anayeambiwa hakuna njia yoyote, kutoka ndani, ya kuwatofautisha. Miaka sabini na zaidi iko kati ya filamu hizi, na nadhani hakuna aliyekusudia zijibizane, lakini zikiwekwa pamoja zinaonyesha mahali penye hofu kubwa kuliko zote: kumtegemea mtu kwa ajili ya nafsi yako na kutoweza kujua kama anakulinda au anakuibia.

Na Zeller hakuishia kwa mzee. Anthony alikuwa na binti mwingine, Lucy, aliyekufa kwa ajali. Amesahau kwamba alikufa. Anamuulizia, anamsifu, anasema mbele ya Anne kwamba Lucy ndiye aliyempenda zaidi. Itazameni sura ya Olivia Colman hapo. Anne ndiye anayezishika kumbukumbu zote mbili, ya baba na ya ndugu yake marehemu, na kila mara jina linapotajwa lazima aamue: amwambie, amfishe Lucy upya mbele ya baba yake, au anyamaze na aonekane binti asiyependwa. Hakuna njama inayoweza kuleta taharuki ya kiasi hicho. Mwishoni mzee hajui yeye ni nani, na anamtaka mama yake. Mtu wa miaka zaidi ya themanini anamtafuta mtu wa kwanza aliyemshikia maisha yake, yule wa kabla ya miaka mitatu.

Ninyi mlio na miswada, nimeisoma kadhaa kati ya ile mliyonitumia, na mingi ina mhusika anayeamka bila kumbukumbu. Ni mwanzo halali. Lakini katika karibu yote, watu wanaomzunguka wapo ili kumpa vidokezo. Warudieni hao. Mke anayeketi kando ya kitanda, amekumbuka nini ambacho angetamani mumewe asikikumbuke tena? Kaka, je, kuna deni ambalo kusahau kumelifuta? Mama anasimulia kisa cha utotoni kwa mara ya ishirini. Safari hii amebadilisha neno gani, na kwa nini? Andikeni upande wao kwa ukamilifu, kurasa kumi, ishirini, hata kama hakuna mstari utakaoingia kwenye filamu. Utafiti wa Loftus unawaonyesha nguvu ya kitenzi kimoja mdomoni mwa mtu anayeaminika. Itumieni nguvu hiyo katika mazungumzo, kabla ya kuikimbilia mbinu rejeshi.

Na rasimu ikiwa tayari, kabla ya kuipeleka kwa mtayarishaji, mpe mtu anayemuuguza mzazi aliyepoteza kumbukumbu, au mtu aliyewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, kwa ridhaa yake na kwa malipo halali ya muda wake. Usimwulize kama mwisho umemshangaza. Mwulize ni wapi alipoacha kuamini. Mimi nimeona waandishi wakikasirishwa na majibu ya wasomaji hao, na nimeona rasimu zao za pili zikiwa filamu.

Ahsanteni. Sasa nipo tayari kwa maswali, na yule anayetaka kumtetea Hitchcock aanze.